Chai nanywa bila sukari, mbona kipimo kinapanda?

SWALI: Habari dokta. Mi ni dereva wa teksi za mtandao hapa Dar, miaka 38, kilo 92. Nimepima sukari asubuhi sijala kitu ikaja 6.2, wakaniambia mwili umeanza kuwa sugu kwa insulini na kuna inflamesheni. Chai naweka tangawizi tu, sukari niliacha zamani. Imekuwaje? Nikinywa manjano itaisha? Naendesha usiku, nalala masaa manne matano.

JIBU: Salama kaka, na umefanya vizuri kutaja usingizi, wengi hawautaji.

6.2 bado sio kisukari, kwa kipimo cha kabla ya kula kisukari kinaanzia 7.0, ila iko juu na hapa ndo pa kuishikia.

Sukari ya chai ni sehemu ndogo tu. Insulini inaingiza sukari ya kwenye damu ndani ya seli, na wanaoichukua zaidi ni misuli, hasa ile mikubwa ya mapaja. Sasa wewe unakaa kwenye siti usiku kucha, misuli haina kazi, insulini inabisha hodi seli zinachelewa kufungua, kongosho linaongeza nyingine na nyingine, ndo maana mtu anaweza kukaa miaka kipimo cha sukari kiko sawa kumbe tatizo linakua chini kwa chini. Lakini msuli ukifanya kazi unavuta sukari wenyewe hata bila kusubiri insulini! Kwa hiyo ukimaliza chips mayai zako saa sita usiku usirudi kwenye gari hapohapo, tembea dakika kumi, kumi na tano, faida unaipata usiku uleule kabla hata hujapungua kilo moja.

Inflamesheni, yaani kinga ya mwili kuwaka kama vile kuna kidonda: hapa watu wanauziwa sana dawa za kusafisha damu, naomba usinunue. Hakuna uchafu wa kutoa. Ni mafuta ya ndani ya kitambi, yale yanayozunguka utumbo na ini, seli zake zikijaa kupita kiasi zinaita askari wa kinga, wanamwaga kemikali kama TNF-alfa na intalukini-6, hizo zinavuruga ujumbe wa insulini. Insulini nayo ikikaa juu muda mrefu inazuia mafuta kuyeyuka, basi kimoja kinalea kingine. Chukua futi ya fundi cherehani pima kiuno usawa wa kitovu, mwanaume akizidi sentimita 94 tunaanza kuwa na wasiwasi, mwanamke 80. Sigara inachochea pia, na fizi zinazotoa damu zisipotibiwa. Manjano weka kwenye mchuzi, hayana ubaya, ila kitambi hayakitoi.

Usingizi sasa. Mwaka 1999 watafiti wa Chicago waliwalaza vijana wazima wa afya masaa manne tu kwa usiku sita mfululizo, na uwezo wao wa kuondoa sukari kwenye damu ukashuka sana, vijana ambao hawakuwa na tatizo lolote! Najua hesabu ya gari ya bosi lazima itimie, lakini ukiweza kufika masaa saba hata kwa kulala mara mbili, chumba giza, simu mbali, fanya hivyo. Na hujaniambia kuhusu enaji. Nyingi za mililita 250 zina sukari gramu 25 na zaidi, yaani vijiko sita vya chai, madereva wa usiku nawajua, mbili tatu zinapita hivihivi. Maji, au kahawa isiyo na sukari mwanzoni mwa shifti.

Marekani mwaka 2002 yalitoka majibu ya utafiti wa watu zaidi ya 3,000 wenye hali kama yako: waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, hatari ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58, waliopewa metformin, dawa ya kisukari, ilishuka 31. Kwako ni kama kilo sita na nusu.

Rudi hospitali upime HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita), presha na mafuta ya kwenye damu, halafu tena baada ya miezi mitatu. Ukianza kiu isiyoisha, kukojoa sana usiku au kukonda bila sababu, usisubiri hiyo miezi mitatu, nenda siku hiyohiyo.