Jibu: Anasoma bila kukwama lakini haelewi

Mama Junior, umesema binti yako wa darasa la pili anasoma ukurasa mzima bila kukwama, ila ukimuuliza kimesemwa nini anakodoa macho tu. Pole, wala si mzito wa kuelewa. Kiswahili kinatamkwa kama kilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto akishazishika silabi zake za ba be bi bo bu anaweza kutamka hata neno asilolijua kabisa. Sisi tunaomsikiliza ndio tunaodanganyika.

Nimefundisha madarasa ya chini miaka kadhaa. Kilichonisaidia ni kusoma kidogo na kuongea sana. Aya moja inatosha. Akimaliza sentensi mbili tatu, msimamishe akusimulie kwa maneno yake. Maswali ya "nani" na "wapi" usiyategemee, majibu yake atayanakili kitabuni hata kama hajaelewa. Mimi hupenda kuwapa kitu kama hiki: "Asha alirudi nyumbani nguo zikichuruzika maji, akaanza kupiga chafya." Halafu nauliza, huko nje kulikuwaje? Neno mvua halipo, lazima alitafute kichwani. Mmoja aliwahi kuniambia Asha ametumbukia mtoni. Nikampa vema, maana alinieleza sababu zake!

Na kama nyumbani mnaongea Kisukuma au lugha nyingine, zungumzieni hadithi kwa lugha hiyo kwanza, kisha mrudi kwenye Kiswahili.

Fanyeni hivi kwa dakika 15, baada ya chakula cha jioni. Akianza kupiga miayo, funga kitabu.