Jibu: Dieter Weirich alitokaje bungeni hadi Deutsche Welle?

Salaam ndugu. Umeuliza ilikuwaje Dieter Weirich, mbunge wa chama cha kihafidhina cha CDU nchini Ujerumani, akaja kuiongoza Deutsche Welle, shirika la utangazaji la Ujerumani kwa nchi za nje, na kama kansela ndiye humteua mkuu wa shirika hilo. Nami nilikwama hapo hapo nilipokuwa nikiandaa mada kuhusu Idhaa yake ya Kiswahili, iliyoanza 1963. Kagua miaka kwanza: alikuwa mbunge wa Bundestag, yaani bunge la Ujerumani, tangu 1980 hadi 1989, na mwaka huo huo akawa mkurugenzi mkuu, wadhifa alioushika hadi 2001.

Kwa sheria ya sasa, mkurugenzi mkuu huchaguliwa kwa kura ya siri na baraza la utangazaji, kwa kipindi cha miaka 6. Lakini bunge na serikali vina wajumbe humo, na kwa maoni yangu hapo ndipo siasa inapopenyea. Usimpunguzie Weirich sifa kwa sababu hiyo, maana ni katika uongozi wake, Aprili 1992, ndipo redio hiyo ya masafa mafupi ilipoanzisha televisheni kutoka Berlin. Aliyempokea, Erik Bettermann wa chama cha SPD, cha kisoshalisti cha kidemokrasia, naye alitoka kwenye siasa.