Maswali yenu ya Masekela, na tarumbeta la mtoto wa Ngamiani

Grazing in the Grass aliitunga Hugh Masekela mwenyewe?

Hapana. Jamani hili nshalijibu mpaka basi na bado linaletwa. Mtunzi wa nyimbo hii ni Philemon Hou, Masekela, yule mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, akaipiga ikashika namba moja Marekani mwaka 1968. Muwe mnaangalia jina la mtunzi, kwetu pia wimbo ukivuma tu aliyeutunga anasahaulika.

Eti alimuoa Miriam Makeba?

Ndio, yule mwimbaji mwenzake wa Afrika Kusini, 1964, wakaachana 1966. Tuzungumze muziki.

Nani alimfundisha? (wa Muheza)

Hili swali zuri. Kazaliwa Witbank, Afrika Kusini, mwaka 1939, huko kwenye migodi ya makaa ya mawe. Kufika miaka 14 yuko shule ya St Peter's Johannesburg, mtundu huyo, kaangalia filamu ya mpiga tarumbeta basi akili yote imehamia huko. Padri Trevor Huddleston akamuuliza unataka nini ili utulie, akasema tarumbeta, akanunuliwa. Halafu akatafutiwa mwalimu, mzee mmoja wa bendi ya manispaa wakimwita Uncle Sauda, maana chombo bila mwalimu ni pambo la ukutani. Wenzake nao wakataka vyombo, ikazaliwa Huddleston Jazz Band, mpaka Louis Armstrong akawatumia tarumbeta toka Marekani! Na huyo Huddleston ndo yule yule aliyekuwa askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968, watu wa kusini wanamjua ila wengi hawajui alimpa nani tarumbeta.

Mwaka 1959 kijana yuko kwenye bendi ya Jazz Epistles na kina Abdullah Ibrahim, Kippie Moeketsi na Jonas Gwangwa. Mwaka uliofuata polisi wa serikali ya ubaguzi wakaua waandamanaji 69 Sharpeville, huko huko Afrika Kusini, akaondoka kwenda London halafu New York kusoma muziki, kurudi nyumbani mpaka 1990.

Mwanangu ana miaka 13 anataka tarumbeta. Nikimchukulia kinanda chenye sauti ya tarumbeta si itatosha? (mama wa Ngamiani)

Haitatosha mama yangu. Tarumbeta lina vali tatu tu, vile vibonyezo vya vidole, kazi nyingine yote inafanywa na midomo na pumzi, ndo maana mpigaji akishika noti moja ndefu unajua kabisa huyu ana uchungu au ana furaha, kinanda hakikupi hiyo. Mi hivi vinanda vimenichosha kusema kweli, bendi zimeona mtu mmoja anatoa besi, ngoma na matarumbeta kwa vidole basi wapulizaji wote wamerudishwa nyumbani, na hii ndo Tanga ya Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, pwani iliyocheza beni, ile ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, tangu kabla ya vita ya kwanza ya dunia! Leo tarumbeta unalisikia siku ya harusi, vijana wamepanda pikapu wanazunguka na bibi harusi. Usiwadharau hao, mpeleke huko huko akajifunze kwao.

Ukienda kununua bonyeza vali zote, zirudi juu zenyewe bila kunata. Bora la mtumba lililotunzwa kuliko jipya la bei chee linalong'aa tu. Mwezi wa kwanza apulize noti ndefu, asikimbilie nyimbo, majirani mtavumiliana. Akimaliza amwage maji yote, alifute, vali azitie mafuta yake, hewa yetu ya bahari inakula shaba. Na akipiga ovyo usimcheke, watoto wengi wameachia hapo.

Stimela inahusu nini?

Hiyo ni nyimbo yake ya treni la makaa linalosomba wanaume toka Malawi, Msumbiji, Zambia na kwingineko kwenda kuchimba dhahabu ya wengine. Ule mlio wa treni anautoa kwa mdomo wake. Mnaosema muziki usiguse siasa sikilizeni hiyo, halafu Bring Him Back Home ya 1987 ya kudai Mandela aachiwe.

Alikufa na nini?

Saratani ya tezi dume, 23 Januari 2018, akiwa na miaka 78. Kabla ya hapo aliwahimiza wanaume wakapime, na nyie wababa mnaosoma hapa nendeni mkapime, acheni aibu.

Ni kweli bila kilevi huwezi kupiga jazz?

Uongo. Masekela mwenyewe pombe na madawa vilimtesa miaka mingi, 1997 akaingia kituo cha kuacha na baada ya hapo akapiga muziki miaka ishirini. Hili sitalijibu tena.