Waambie kabla hawajapanda basi

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 58, mama wa watoto wanne, naishi Masasi. Mwezi wa nane niliondolewa titi la kushoto, na sasa nakwenda hospitali ya Ocean Road, Dar, kuchomwa dripu za saratani kila baada ya wiki tatu. Wanaojua ni mume wangu, kaka yangu wa Nachingwea na binti yangu wa mwisho aliyeko Mbagala, ndiko ninakofikia. Wale watatu wakubwa nimewaambia nina vidonda vya tumbo. Desemba 16 nina dripu, inayofuata ni Januari 6. Tarehe 23 wanakuja wote na wajukuu saba, na kila Krismasi mpishi ni mimi. Kichwa changu sasa ni kama kibuyu, nyusi nachora kwa wanja. Hela ya korosho imeishia kwenye nauli na vipimo. Watoto nimewaambia bei ilikuwa mbovu, na mkubwa wangu wa Kimara ameanza kumshuku baba yake kuwa ana nyumba ndogo. Wifi yangu naye amenusa, anasema nimetupiwa kitu, anataka kuleta mganga tarehe 26. Mimi nataka wale sikukuu kwa raha, niwaambie Januari. Huenda ndiyo Krismasi yangu ya mwisho. Nakosea?"

Shikamoo yako naipokea kwa ajili ya safu hii tu, maana kwa umri ni mimi wa kukuamkia. Shikamoo, dada, na pole sana. Kuchora nyusi kila asubuhi ili watu wasiulize maswali ni kazi, tena unaifanya huku kichefuchefu kimekukaba.

Lakini Januari usisubiri. Waambie wiki hii, kabla hawajakata tiketi.

Nianze na tarehe ulizoniandikia. Dawa za dripu haziishii kwenye saratani. Zinapiga pia chembe nyeupe za damu, zile zinazopambana na vijidudu, na kwa dawa nyingi za aina hiyo chembe hizo hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kuchomwa. Hesabu kuanzia Desemba 16. Unapata Desemba 23 hadi 30. Yaani siku basi linapowashusha wajukuu saba na mafua yao ya safari, ndiyo siku mwili wako uko wazi kuliko siku zote.

Sasa tuseme usiku wa Krismasi umeshikwa na homa. Mvua zimeanza, mbu wapo, nyumba imejaa watu wanaokupenda. Mkwe atasema ni malaria. Mmoja atakimbia duka la dawa kutafuta mseto, mwingine atakupa Panadol mbili, utafunikwa khanga, na alfajiri wataambizana mama amepata usingizi, tusimsumbue. Dada, mtu aliye kwenye dripu za saratani akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi haisubiriwi asubuhi. Anapelekwa hospitali usiku huohuo, iwe Mkomaindo au Ndanda, anasema pale mapokezi kwamba yuko kwenye dawa za saratani, anapimwa damu na kuanzishiwa antibiotiki ya kwenye mshipa. Malaria itapimwa hukohuko. Panadol inaweza kushusha joto na kukudanganya kwamba umepona, huku maambukizi yanaendelea. Wanao watayajuaje haya ikiwa wanaamini unaumwa tumbo? (Vidonda vya tumbo vya nchi hii vimebebeshwa magonjwa ya kila aina. Ningekuwa mimi ndiyo vidonda vya tumbo ningedai fidia.)

Utaniambia baba yao anajua. Anajua, na umemfunga mdomo. Saa nane ya usiku, watoto wamechanganyikiwa, ataanzia wapi kueleza? Na yeye mwenyewe yuko kwenye kesi ya nyumba ndogo ambayo hana. Amekubali mwanawe amwone mhuni ili siri yako isitoke. Huyo mzee mpikie chai nzuri.

Anayeniuma zaidi ni kitindamimba wako. Unashuka Rangi Tatu, anakupokea, anaomba ruhusa kazini, anakupeleka Ocean Road, anarudi na wewe umeegemea bega lake, usiku anashika ndoo ukitapika. Kisha kaka yake wa Kimara anapiga simu kuuliza habari za nyumbani, naye anajibu nzuri, huku wewe umelala chumba cha pili. Mji mmoja! Umefanya hivyo kwa huruma, umewahurumia watatu. Yule wa nne amebeba kila kitu, na siku wenzake watakapojua, lawama ya kwanza itamwangukia yeye: ulijua, ukanyamaza. Mtoe kwenye hilo kabla halijawa ugomvi wa kudumu.

Mabinti zako wana haki yao pia. Saratani nyingi za matiti si za kurithi, lakini mwanamke ambaye mama yake ameugua anatakiwa amwambie daktari wake, ajichunguze, apimwe kwa wakati. Hilo huwezi kumfichia binti kwa kisingizio cha sikukuu.

Utawaambiaje? Huko kwenu mjomba bado ana neno, nami ningelitumia. Mwombe kaka yako aje kutoka Nachingwea, akae nawe, mpige simu jioni moja watoto wakiwa wametoka kazini. Yeye afungue mazungumzo, kwa sababu wapwa wakisikia sauti ya mjomba watakaa chini. Halafu simu uichukue wewe. Useme jina la ugonjwa, usiseme "uvimbe" wala "yale matatizo ya kina mama". Useme umeshafanyiwa upasuaji, dripu zinaendelea, nywele zimenyonyoka na hutaki mtu alie akikuona. Useme hela ya korosho ilikwenda wapi, na kwamba baba yao hana mtu. Na useme ni wewe uliyemkataza mdogo wao kusema. Watalia kwenye simu. Waache walie huko, wakifika tarehe 23 wawe wameshanyamaza.

Mtu mwenye mafua au kikohozi, mkubwa au mdogo, aahirishe safari, au akija akae kwa baba mdogo mpaka apone. Wajukuu wazima waje uwapakate mapajani, saratani haiambukizi. Wakivuta kilemba na kukuta kichwa kitupu watacheka, kisha watasahau. Watoto wana mambo yao, maembe ndiyo hayo yameiva.

Jikoni mwaka huu hukai. Najua itakuuma kuliko sindano, lakini kuku wachinjwe na kunyonyolewa na wengine, wewe mikono isiguse nyama mbichi. Kaa kwenye mkeka umbali ambao moshi haufiki, uamuru. Chumvi imezidi, nazi bado haijakolea, mbaazi zinataka moto mdogo: mdomo haujaondolewa. Chako kiwe cha moto, kimetoka sufuriani sasa hivi. Kachumbari waachie wao, na lile pilau la kiporo la tarehe 26 ambalo sote tunalipenda kuliko lenyewe, mwaka huu usiliguse. Embe lioshwe, limenywe, ule. Maji yachemshwe. Kuhusu mkesha kanisani, muulize daktari siku ya dripu. Akikuruhusu, kaa karibu na mlango, vaa barakoa, na ile foleni ya kupeana mikono uipungie tu.

Wifi. Usigombane naye, nguvu huna. Kaka yako na mumeo wamwite, wamwambie asante kwa kujali, mgonjwa ana madaktari, mganga haletwi. Akitaka kukuombea, karibu. Dawa za kunywa za miti shamba ndizo za kukataa bila aibu, kwa kuwa baadhi huumiza ini au huvuruga dawa za dripu, na tayari ini lako lina kazi. Kama umeshakunywa chochote, mwambie daktari Desemba 16. Hatakufokea, na akikufoka vumilia, anahitaji kujua.

Limebaki hilo la Krismasi ya mwisho. Nimeisoma barua yako tena nikitafuta mahali daktari alipokuambia hivyo, sijapaona. Dripu baada ya upasuaji mara nyingi hutolewa kuua mabaki ili ugonjwa usirudi. Muulize yako ni ya nini, zimebaki ngapi, na baada yake kuna mionzi au hapana. Muulize ukiwa na mtu wa kukumbuka majibu. Mpaka hapo, usiwaandalie watoto msiba kwenye sahani za pilau. Ukiwaaga kwa macho wataona, watoto wa mama huona, na watarudi Dar wakiwa wamechanganyikiwa bila kujua kwa nini.

Mwanao wa Kimara atakuwa anarudi kazini baada ya mwaka mpya, nawe Januari 6 unatakiwa Ocean Road. Panda naye basi moja, na safari hii fikia kwake. Akushikie ndoo yeye. Mdogo wake alale.