Kwa mnaoanza kuandika hadithi za kisayansi hapa Malindi

Wadogo zangu, Jumamosi nilirudi nyumbani na miswada saba. Katika mitano, mhusika mkuu ni Jack au Mike, anaishi New York, na kufika ukurasa wa sita bado tunaelezwa injini. Nawapenda, lakini safari hii sinyamazi, kwa sababu kosa hili nalijua kwa uchungu wake.

1. Wasomeni wakongwe kabla ya kusema wamepitwa na wakati. Mmoja wenu aliniuliza The Time Machine, kitabu cha 1895 cha Mwingereza H. G. Wells, kitamfaa nini. Itazameni ile mashine yake ya kusafiri katika wakati: nikeli, pembe za ndovu, vipande vya bilauri, basi. Injini haelezi. Anatupeleka mwaka 802,701, ambako vizazi vya matajiri vinacheza juani, na vizazi vya wafanyakazi vinaendesha mitambo chini ya ardhi, kisha usiku vinapanda kuwala wale wa juu. Aliyewahi kuosha vyombo jikoni mwa hoteli ya kitalii hahitaji kufafanuliwa. Jules Verne naye, mwaka 1865, aliwarusha watu mwezini kwa mzinga. Kishindo kile kingewaua papo hapo, na bado tunawasoma, kwa sababu tunataka kujua ni watu gani hao waliokubali kuingia ndani ya risasi.

2. Andikeni mnapopajua. Wells aliishi Woking, mji wa Uingereza, na katika The War of the Worlds viumbe wake kutoka Mars wanaangukia uwanja ulio jirani na mji huo. Verne, katika hadithi yake ya mwaka 1863, aliondosha puto Zanzibar. Mfaransa aliona pwani yetu inafaa, nyinyi mnaikimbia!

Nami niliikimbia. Babu yangu alikuwa mvuvi wa Ngomeni. Mnayajua yale majukwaa ya San Marco baharini, yaliyokuwa ya kurushia roketi. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu ya uhuru, roketi iliondoka pale na setilaiti iliyopewa jina hilohilo, Uhuru, ya kwanza duniani kuundwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei inayotoka angani. Babu alikuwa majini. Alinisimulia mara nyingi: moto aliuona kwanza, kimya kabisa, mkono wake ungali kwenye kasia. Akapiga kasia, akapiga tena, akawa anahesabu bila kujua kwa nini, ndipo ngurumo ikamfikia. Aliisikia kifuani kabla ya masikioni, na yale maji machache ndani ya mtumbwi yakawa yanatetemeka miguuni pake.

Nilipoandika hadithi yangu ya kwanza ya roketi, niliipeleka Florida. Mhandisi nikamwita Robert. Nikajaza kurasa tisa za mafuta, vali na nyuzijoto, nilizozitoa kwenye ensaiklopidia ya maktaba. Nikamsomea babu barazani. Alisikiliza yote, kahawa ikipoa mkononi, kisha akauliza: "Na aliyekuwa baharini siku ile, yuko wapi?" Nikamjibu, babu, hii ni hadithi ya sayansi. Akasema, "Haya, mjukuu wangu." Hakunisimulia tena, nami sikumwomba. Mwaka uliofuata alifariki.

Sasa ndiyo nataka kuiandika ile ya mtumbwi, na kila rasimu inakwama palepale. Alihesabu kasia ngapi? Ngurumo ilipopita, alitupa wavu au aligeuza kurudi ufuoni? Hilo siwezi kulibuni. Nimejaribu, na kila ninaposoma kwa sauti naisikia sauti yangu badala ya yake.

3. Ukiweka sheria, tafuta ufa wake. Mwandishi Isaac Asimov aliziandika zile sheria tatu za roboti mwaka 1942 (asimdhuru binadamu, atii amri, ajilinde), na utamu wote uko pale roboti anapokwama kati ya sheria mbili.

4. Msomee mtu mzima kwa sauti. Anapoanza kutazama dari, hapo ndipo pa kukata. Akiuliza swali, liandike hapohapo, hata kama unaliona halihusu.

Na wewe wa Mambrui, mwenye roboti anayeuza samaki Tokyo: si uliniambia bibi yako alikuwa akianika papa ufuoni siku roketi moja ilipopaa? Na ukaniambia kwa kupita tu, ukiwa unatafuta chaja. Nenda leo baada ya alasiri, na daftari. Muulize alifanya nini ngurumo ilipopita.