Darasa Limenyamaza, Nifanyeje?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha kidato cha tatu hapa Bagamoyo. Niliwasomea wanafunzi kwa Kiswahili hadithi ya Mmarekani Frank Stockton ya mwaka 1882. Kijana aliyependana na binti mfalme anaingizwa uwanjani achague mlango mmoja kati ya miwili: nyuma ya mmoja yuko simbamarara, nyuma ya mwingine msichana atakayeozwa papo hapo. Binti mfalme anaijua siri. Anamwashiria wa kulia, kijana anaufungua, hadithi imekwisha. Darasa likachachamaa: "Katoka nani?" Nikajibu simbamarara. Wakafunga madaftari, mjadala ukafa. Niufufue vipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Rudi uwaambie wazi kwamba simbamarara ni maoni yako, Stockton hakusema. Kisha gawa vikaratasi. Kila mmoja aandike, bila jina, katoka nani, na anakili sentensi ya hadithi iliyomfanya aamini hivyo. Pasiwe na mjadala kabla hujavikusanya. Huku Tanga nimeona vijana wawili wenye sauti wakiliamulia darasa zima, na binti wa dawati la nyuma mwenye hoja nzito akiondoka nayo.

Sentensi hiyo ndiyo kazi yenyewe. Wa simbamarara ataonyesha kwamba binti mfalme karithi ukali wa baba yake na anamchukia yule msichana. Wa msichana ataonyesha anavyojifunika uso kwa hofu akiyawaza meno ya mnyama. Wabishane hapo. Ukiwahi kuuliza "funzo ni nini?" watakupa methali na kukaa. Dhamira na ujumbe wa mtihani viache kipindi cha mwisho.

Halafu ilete taharuki pwani kwetu. Mimi niliwatungia kisa cha kijana anayemwona mjomba wake alfajiri akipakia baruti mtumbwini. Baruti huvunja matumbawe wanamozalia samaki, na sheria inaikataza. Lakini sare na madaftari ya kijana hununuliwa na mjomba huyohuyo. Nikakatia pale askari wa doria anapomuuliza, "Umeona chombo chochote kikitoka?" Walibishana hadi getini.

Ila usimsimamishe mtoto kwa jina ajibu kisa hicho. Wengine wanaishi na mjomba wa namna hiyo, na wenzao wanajua. Na wakikuuliza wewe ungemjibu nini askari, wajibu kwa ukweli, vikaratasi vyote vikishakuwa mkononi mwako.