Usitume hiyo laki tatu kabla hujajua cheti chao kinatambuliwa na nani

Usitume. Nimeyasoma maelezo yako mara mbili, kaka, na nilipofika pale unaposema wamekupa hadi Ijumaa uwe umelipa "ada ya kushikilia nafasi", tumbo lilinikata, kwa sababu maneno hayohayo niliambiwa mimi mwaka 2017, pengine na kinywa hichohicho, na mimi nikalipa siku ya Alhamisi ili nisije nikachelewa.

Kwa faida ya wanaoingia sasa: kaka huyu ana mdogo wake wa kike mwenye miaka kumi na tisa, aliyeacha shule kabla ya kumaliza kidato cha pili baada ya kupata ujauzito, na ambaye sasa yuko katika Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, akisoma masomo ya sekondari pamoja na fani ya malezi na makuzi ya awali ya mtoto. Ametokea wakala anayewaambia kwamba huko binti anapoteza muda. Aachane na sekondari, ahamie chuo chao binafsi mjini, na baada ya miezi tisa atatoka na "diploma ya kimataifa ya ualimu wa chekechea". Kaka anauliza kama fani yenyewe ina maana, mtoto wa mdogo wake atatunzwa wapi, na kama kuhama ni uamuzi sahihi.

Si sahihi. Naomba uniruhusu nikueleze nilivyolijua hilo, maana nililijua kwa gharama ya ng'ombe wawili wa mama yangu.

Mimi nilimaliza kidato cha nne nikiwa na alama ya D mbili tu, ya Kiswahili na ya Uraia, na zilizobaki sina haja ya kuzitaja hadharani. Ili mtu ajiunge na ngazi ya nne ya mafunzo ya vyuo, ile inayoitwa Astashahada ya Awali, anahitaji ufaulu wa angalau masomo manne yasiyo ya dini. Nilikuwa nimepungukiwa masomo mawili. Nikajisajili kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikalipa ada ya mtihani, nikapewa namba, nikawa nahudhuria masomo ya jioni huku mchana nikimsaidia jirani aliyekuwa na kituo kidogo cha watoto. Biolojia ilikuwa imeanza kunielewa, au mimi nimeanza kuielewa. Kwa vyovyote tulikuwa tunaelekea kupatana.

Mwezi Agosti akaja kijana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi hadi likawa na makali, akiwa na vipeperushi vyenye picha za watoto wa Kizungu wakicheza na vitalu vya mbao. Alinitazama nikiwaimbisha watoto, akasema, na maneno haya nayakumbuka kama sala: "Dada, sisi hatuangalii vyeti, tunaangalia kipaji." Mtu mwenye D mbili akiambiwa hivyo hawezi kukaa kimya akafikiri. Nilimwuliza vipi kuhusu mtihani wa Novemba, akacheka, akasema diploma yao inatambulika hadi Kanada, sasa Biolojia ya nini? Kwa hiyo nikaacha. Mtihani ulipofika, nilikuwa nimekaa katika darasa la chuo chao nikikata maumbo ya karatasi, na kiti changu kwenye kituo cha mtihani kilikaa kitupu, pamoja na ada ambayo tayari nilikuwa nimeilipia. Ninaposema kosa langu kubwa, watu hudhani ninazungumzia ile milioni moja na laki moja na nusu niliyowapa kwa ada, sare na kitu walichokiita "mchango wa zana". Fedha zinauma, lakini ng'ombe huzaa. Ni kile kiti kitupu ambacho sijawahi kukisamehe.

Cheti chao, nikiri, kilikuwa kizuri. Kilikuwa na nembo ya tai, mhuri wa dhahabu, ramani ya dunia na saini tatu, moja ikiwa ya mtu anayeitwa "Rais wa Bodi". Kilikosa kitu kimoja tu, nacho ni namba ya usajili ya chuo kilichokitoa.

Mwaka 2019 nikafungua kituo changu katika chumba cha kupanga, nikapata watoto kumi na wanne, nikabandika chati za herufi ukutani na kuajiri mama wa kupika uji. Wiki ya sita akaja Ofisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Hakuwa mkali hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alikishika cheti changu kwa mikono miwili, akakisoma hadi mwisho, akaniuliza: "Binti, chuo hiki kimesajiliwa na nani?" Nikamjibu kwamba kinatambulika hadi Kanada. Akatabasamu kwa huruma, akaniambia hapa tulipo ni Tanzania. Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kituo cha kulelea watoto mchana lazima kisajiliwe, na mtu anayekiendesha huulizwa mafunzo yake aliyapata wapi. Nilifunga Ijumaa ile, nikawarudishia wazazi ada zao kidogokidogo kwa miezi mitano. Chati za herufi ninazo hadi leo. Zinafunika ufa wa ukuta wa chumbani kwangu, kwa hiyo siwezi kusema chuo kile hakikunipa kitu.

Nikadhani labda nimebisha mlango usio wangu, nikaenda kwa upande wa elimu nikitaka kufundisha darasa la awali katika shule ya msingi. Hapo ndipo nilipofahamishwa jambo ambalo wakala hakuwahi kulitamka, kwamba nyumba hii ina milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa malezi, yaani vituo vya kulelea watoto mchana, ambao uko chini ya Ustawi wa Jamii. Wa pili ni wa ualimu wa elimu ya awali, ambao uko chini ya wizara yenye dhamana ya elimu, una vyuo vyake vya ualimu na sifa zake za kujiunga, na kila sifa utakayoisoma huko inaanza na matokeo ya kidato cha nne. Karatasi yangu iliandikwa "malezi" mstari wa juu na "ualimu" mstari wa chini, ikawa haifungui mlango wowote kati ya hiyo miwili.

Na hilo neno "diploma" walilomnong'oneza mdogo wako lisikutie kizunguzungu. Stashahada katika mfumo wetu ni ngazi ya sita. Mtu huanza ngazi ya nne, akapita ya tano, ndipo akafika ya sita, na baraza linalosimamia ngazi hizo ni NACTVET, lile ambalo zamani liliitwa NACTE. Mafunzo ya ufundi stadi nayo yana ngazi zake tatu, kuanzia ya kwanza hadi ya tatu. Kwa hiyo mtu asiye hata na kidato cha nne anapoahidiwa stashahada kwa miezi tisa, anaahidiwa kupanda ghorofa ya tatu ya jengo lisilo na ngazi. Miezi tisa inatosha kuleta mtoto duniani. Kumwandaa mlezi wake kwa stashahada haitoshi.

Yule kijana wa shati lenye makali nilikutana naye tena stendi, miaka miwili baadaye, akiuza viwanja. Aliniambia bila aibu kwamba alikuwa analipwa kwa kila kichwa alichokipeleka chuoni. Kichwa! Mimi nilijiona mwanafunzi mwenye kipaji, kumbe nilikuwa kichwa. Na simlaumu yeye peke yake, kwa kuwa palikuwa na mwalimu mmoja wa masomo ya jioni aliyeyajua hayo yote na akanyamaza, akisema hakutaka kunivunja moyo. Bora angenivunja.

Sasa mtazame mdogo wako alipo. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa mwaka 1975 kwa kuiga mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden, viko zaidi ya hamsini nchini, na vingi vimekuwa vikiwapokea wasichana waliokatiza shule ili wasome sekondari na fani kwa pamoja. Anachokisoma asubuhi kitampeleka kwenye Mtihani wa Maarifa, yaani QT, ambao kwa mtu asiyemaliza kidato cha pili ndio unaomfungulia njia ya kufanya mtihani wa kidato cha nne. Anachokisoma mchana kinampa mikono. Yaani anapata vitu viwili ambavyo mimi nilivitenganisha kwa ujinga wangu, na kuna mtu anataka kumlipisha laki tatu ili naye avitenganishe. Na mtoto wake, kwa kuwa umeuliza: vyuo kadhaa vya aina hiyo vina kituo cha watoto palepale, ambapo mama huacha mwanawe akiwa darasani, na wanafunzi wa fani ya malezi hufanyia mazoezi yao humohumo. Uliza kama chuo chake nacho kinacho.

Kama fani ina maana? Ina maana kubwa, na ndiyo sababu ninakasirika. Nilirudia mtihani mwaka 2020, nikapata masomo niliyopungukiwa, nikaingia chuo kilichosajiliwa, na wiki ya kwanza tu nikagundua kwamba ile milioni yangu ilininunulia nyimbo kumi na mbili. Kule tulifundishwa kumkaririsha mtoto wa miaka mitatu irabu huku amefunga mikono kifuani. Huku nilifundishwa kwamba mtoto huyohuyo anapopanga vizibo vya soda kwa rangi na kuvihesabu anafanya hisabati, na kwamba kazi ya mlezi ni kukaa chini pamoja naye, kumjibu anapozungumza, na kujua kama amekula, kama ni mzima na kama yuko salama nyumbani kwao. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile iliyopangwa kwa 2021/22 hadi 2025/26, inahesabu safari hiyo kuanzia mimba hadi miaka minane, na inaweka pamoja afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Hayo hayaingii katika kichwa cha mtu kwa kukata karatasi, hata akatie Kanada.

Kuna wachangiaji hapo juu wanaosema "mwache binti achague mwenyewe, kipaji hakizuiliki". Sawa, achague. Lakini kabla hajachagua, fanya jambo moja ambalo mimi nililifanya baada ya miaka miwili badala ya kulifanya kabla. Waombe hao wa mjini kivuli cha cheti cha mhitimu wao yeyote, kisha ukipeleke mwenyewe kwa Ofisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yenu na kwa Ofisa Elimu, uwaulize swali hili bila kupamba: "Mwenye karatasi hii akija kwenu, mtamkubali?" Halafu lipeleke jina la chuo NACTVET walitafute katika orodha yao. Wakala akikataa kukupa kivuli, umeokoa nauli.

Jumatatu ofisi za halmashauri zinafunguliwa saa 1:30 asubuhi. Ijumaa yao ipite tu. Na huyo mdogo wako mwambie asikose kipindi cha Biolojia.